Kumjengea senta kijana kikosi cha kumfichia udhaifu wa ulinzi

Ndugu, umeuliza kama timu ya mpira wa kikapu inaweza kumwanzisha senta (mchezaji mrefu anayecheza karibu na kikapu) kijana mwenye kipaji cha kushambulia, lakini asiyeruka sana wala kuwa na miguu myepesi, bila kuruhusu pointi ovyo. Inawezekana, na mfano ninaouamini ni Alperen Sengun wa Houston Rockets, timu ya ligi ya NBA ya Marekani.

Msimu wa 2022/23 timu hiyo ilishinda michezo 22 tu kati ya 82. Mwaka 2023 alipofika kocha Ime Udoka, pamoja na Fred VanVleet na Dillon Brooks, mabeki walianza kumbana mwenye mpira tangu mbali, hivyo ikawa nadra kwa Sengun kuachwa peke yake mbele ya mtu anayemjia kwa kasi. Ushindi ulifika 41, kisha 52 msimu wa 2024/25.

Wengi humtazama senta tu, ilhali kwa maoni yangu mchezaji wa kuchaguliwa kwa uangalifu zaidi ni namba nne, yaani mshambuliaji mrefu anayecheza pembeni ya senta. Jabari Smith Jr. ana urefu wa kusaidia chini ya kikapu, na bado anaweza kutoka nje kumfuata mpiga pointi tatu, kazi ambayo Sengun huchelewa hatua moja, na hatua hiyo inatosha kumwadhibu. Steven Adams, senta mwingine, alipochezeshwa pamoja na Sengun, timu ilitumia ulinzi wa eneo (kila mchezaji akilinda sehemu ya uwanja badala ya mtu mmoja) na kutawala ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa kikapu.

Kama huna mabeki wa namna hiyo, mwagize senta wako arudi karibu na kikapu, na ukubali wapinzani wapige mashuti ya umbali wa kati.