Ini langu halikuhitaji kusafishwa: mitishamba ninayotumia siku za kabla ya hedhi

Kwa miaka mingi, wiki moja kabla ya kuingia mwezini nilikuwa mtu mwingine. Matiti yanajaa hadi siwezi kulala kifudifudi, tumbo linavimba sketi haifungi, kichwa kinagonga. Na hasira. Mume wangu akisahau kikombe mezani naona kanidharau, halafu dakika tano baadaye nalia jikoni. Damu ikianza, siku ya pili tu nimeshapoa. Kwetu Tanga haya yote huitwa chango, na kila mwanamke ana dawa yake ya chango. Nami nilikuwa na yangu, niliyofundishwa na somo yangu nikiwa msichana. Niliiacha nikafuata ya mtu mwingine.

Aliyeniuzia alisema ini langu limejaa sumu, ndiyo maana homoni zimevurugika na hasira haziishi. Akanipa unga wa kahawia kwenye kopo lisilo na lebo: kijiko kimoja kwenye maji ya moto, asubuhi na jioni, siku 40. Wiki ya kwanza niliharisha. Akasema sumu inatoka. Wiki ya tatu harufu ya vitunguu vikikaangwa ikawa inanitapisha, mwili umechoka, ubavu wa kulia mzito. Asubuhi moja mkojo ukatoka na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Hapo niliogopa.

Hospitali walipima ini. Kimeng'enya kinachoitwa ALT, ambacho huvuja kwenye damu ini likiumia, kilikuwa zaidi ya mara nne ya kiwango cha juu cha kawaida. Homa ya ini B hakuna, C hakuna, pombe sinywi. Daktari akaweka karatasi chini akaniuliza, "Dada, kuna dawa yoyote ya asili unatumia?" Nikamwambia. Akauliza ndani yake kuna nini, nikakosa jibu. Niliacha siku ile ile, na baada ya miezi miwili vipimo vilirudi sawa.

Sijaacha mitishamba. Naitumia kila mwezi na inanisaidia. Nilichobadilisha ni kwamba siingizi mwilini kitu ambacho sikijui jina, na sinywi chochote kwa nia ya kusafisha ini.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, limekaa chini ya mbavu za kulia, na usafi ni kazi yake lenyewe. Estrojeni, ile homoni ya kike, ikishamaliza kazi mwilini, ini huibadilisha; sehemu hutoka na mkojo, na sehemu hupita kwenye nyongo hadi utumbo na kutoka na choo. Hapo wauzaji wana chembe ya ukweli: choo kikigoma siku tatu nne, sehemu ya ile estrojeni inaweza kufyonzwa tena na kurudi kwenye damu. Lakini dawa ya hilo ni matembele, mchicha, maharage na maji. Unga wowote unaokunywa ili kulisafisha ini, ni ini hilo hilo linalobeba kazi ya kuuvunjavunja. Jambo jingine ambalo natamani ningeambiwa mapema ni kwamba wengi wetu wenye dalili kali, homoni zetu ziko kwenye kiwango cha kawaida. Tofauti ni namna ubongo unavyopokea kupanda na kushuka kwake. Kwa hiyo anayekuangalia usoni na kusema homoni zako zimeharibiwa na ini chafu, anakisia.

Sasa nieleze ninavyofanya. Kwanza daftari. Nilianza kuandika kila siku, mstari mmoja tu: siku ya ngapi tangu hedhi ianze, matiti, tumbo, kichwa, hasira, usingizi. Mizunguko miwili ilitosha kunionyesha kwamba mimi huharibikiwa kuanzia siku ya 20. Bila hilo daftari huwezi kujua dawa imesaidia au siku zimepita zenyewe.

Tangawizi ndiyo ninayoitegemea. Ni ile ile ya somo yangu. Nachukua kipande cha ukubwa wa kidole gumba, nakiosha bila kumenya, nakitwanga kwenye kinu mpaka kitoe maji, nakichemsha kwenye vikombe viwili vya maji kwa moto mdogo dakika kumi hivi, nikifunika. Ukifunua, harufu yake inakimbia na mvuke. Naanza siku mbili kabla ya damu na kuendelea hadi siku ya tatu. Tangawizi imefanyiwa utafiti zaidi kwenye maumivu ya hedhi yenyewe, ya unga kati ya miligramu 750 na 2,000 kwa siku, na imeonekana kupunguza msokoto. Hasira haiziondoi, nisikudanganye. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda azungumze na daktari wake kwanza.

Shamari ni ya gesi. Nusu kijiko cha mbegu, naziponda kidogo, namwagia maji ya moto baada ya chakula cha usiku. Mchaichai nanywa kwa sababu naupenda na unanituliza kabla ya kulala. Sina zaidi ya kusema. Juisi ya rozela hupunguza maji mwilini kidogo na kushusha presha, kwa hiyo kama presha yako iko chini au una mimba, iache.

Kuna mmea mmoja ambao si wa kwetu, unatoka nchi za Bahari ya Mediterania, jina lake la kitaalamu Vitex agnus-castus. Ni ndugu wa mfudu wetu, ule tuliokuwa tunaokota matunda yake meusi tukitoka shule. Katika mitishamba yote ya dalili za kabla ya hedhi, huu ndio wenye ushahidi mzuri zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kutoka Ujerumani ulihusisha wanawake 170 kwa mizunguko mitatu: kati ya waliopewa dawa, 52% dalili zao zilipungua kwa nusu au zaidi; kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, 24%. Niliutumia mizunguko mitatu. Matiti yalitulia kabisa, hasira zilipungua kidogo. Lakini usiende kutwanga majani ya mfudu ukidhani ni kitu kimoja. Na mwenye mimba, anayenyonyesha, au anayetumia uzazi wa mpango wa homoni asiuguse bila ushauri.

Kilichonisaidia kuliko nilivyotarajia si mtishamba hata kidogo, ni kalisi, yaani madini ya kalsiamu. Marekani mwaka 1998 walichapisha utafiti wa wanawake 466: waliopata miligramu 1,200 za kalisi kila siku, kufikia mzunguko wa tatu dalili zao zilishuka kwa 48%, na waliopewa kidonge kitupu kwa 30%. Mimi nakula dagaa wazima wazima, maziwa ya mgando, na unga wa majani ya mlonge kijiko kimoja kwenye uji.

Kuhusu viungo vya jikoni, vibaki kuwa vya jikoni. Manjano kwenye mchuzi ni salama. Vidonge vya manjano vilivyokolezwa, hasa vile vilivyochanganywa na pilipili manga ili vifyonzwe haraka, vimeumiza maini ya watu, na Italia imeshatoa tahadhari juu yake. Mdalasini ule wenye gome nene gumu una kumarini, ambayo ikizidi ni mzigo kwa ini. Ule wa gome jembamba linalojiviringisha kama karatasi una kiasi kidogo sana.

Na kama kweli unalihurumia ini lako, angalia vitu ambavyo havizungumzwi na wauza dawa. Pima homa ya ini B, na kama huna, chanjwa. Hesabu parasetamo unazomeza siku zile za maumivu: vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24 ndiyo mwisho kwa mtu mzima mwenye afya, na mimi kuna siku nilipita hapo bila kujua. Tupa mahindi na karanga zilizoota ukungu, usizikaange ukadhani moto umemaliza. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu huo, iliua watu 125 Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Ndugu zangu, hata mizizi na magome yaliyosagwa yakahifadhiwa kwenye unyevu yanaweza kuota ukungu huo huo.

Waganga wazuri wapo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002 na Baraza lake linasajili waganga na dawa. Omba kuona cheti, na uulize jina la mmea, sehemu gani imetumika, na kwa siku ngapi. Mganga anayejua kazi yake hachukii maswali haya. Yule wangu angekasirika, naamini, kama ningemuuliza.

Kama siku hizo zinakuletea mawazo ya kujidhuru, au huwezi kabisa kutoka kitandani, usihangaike na birika. Nenda hospitali, useme hivyo hivyo bila aibu. Dawa zipo na zinafanya kazi.

Na ukiona macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai, au mwili unawasha bila vipele huku unakunywa dawa yoyote, acha siku hiyo hiyo na uwahi kupima. Kopo usilitupe. Lifunge kwenye mfuko, uende nalo kwa daktari. Langu nilikuwa nimeshalitupa kwa hasira, na mpaka leo sijui nilikuwa nakunywa nini.