Mbegu za uyoga: mtama unafaa kuliko mahindi

Ndugu yetu wa Pongwe, umeeleza kwamba mahindi unayooteshea mbegu za uyoga wa mamama (oyster), yaani nafaka iliyoenewa na utando wa uyoga, yanashika ukungu wa kijani, na unauliza kama uhamie kwenye mtama au mchele. Chagua mtama, kwa kuwa punje zake ni ndogo na utando mweupe wa uyoga husambaa haraka kutoka punje moja hadi nyingine, ilhali mchele hugandamana.

Hata hivyo, kwa unyevunyevu wa Tanga, mimi nashuku maji yanayozidi kwenye punje kuliko nafaka yenyewe. Chemsha mtama mpaka punje ibonyee kwa ukucha bila kupasuka, uchuje, kisha uuanike kivulini mpaka punje ikiwekwa juu ya karatasi isiache alama ya maji. Ndipo uujaze kwenye chupa na kuzipika katika sufuria ya presha, nyuzi 121 kwa dakika 90, kwani mvuke wa sufuria ya kawaida hauui vijidudu vyote vilivyomo ndani ya punje.

Tafadhali usitumie mtama wa kupandia uliopakwa dawa, kwa sababu ni sumu. Chupa iliyoota kijani usiifungulie ndani ya nyumba, hasa kama kuna mwenye pumu. Ukungu ukirudi tena, mwone afisa ugani, kwani huenda mbegu mama uliyonunua, yaani ile ya kuanzishia unayochanganya na nafaka, ndiyo iliyochafuka.