Mtoto mmoja, faili mbili: maswali yenu kuhusu kompyuta hospitalini

Nasimamia mifumo ya kidijitali katika hospitali moja hapa Lamu. Nilianza kazi kama muuguzi, na mpaka leo wengi wenu mwaniita Sista. Maswali yaliyonifikia safari hii ni mengi. Nimeyachukua yale ambayo watu huniuliza hata njiani nikitoka sokoni.

Shikamoo Sista. Niko kidato cha tatu. Watu husema wewe ndiye mkubwa wa kompyuta hospitalini. Wiki nzima wafanya nini? Watengeneza mashine au watibu watu?

Marahaba, mwanangu. Mashine ikiharibika tuna kijana wetu wa ICT, na kazi yake anaijua. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba habari anayoisoma daktari kwenye skrini ni ya mgonjwa aliyeketi mbele yake, si ya mtu mwingine, na kwamba imemfikia mapema.

Jumatatu huanzia dirisha la rekodi kabla ya saa mbili asubuhi, wakati foleni imefika nje. Nasimama pembeni nitazame inapokwama. Kisha napita wodini kusikiliza ya wikendi: nywila imegoma, printa ya maabara haitoi lebo, mgonjwa amehamishwa wodi lakini kompyuta bado yamwonyesha kitanda cha zamani. Jumanne nakaa na watu wa maabara, dawa na malipo. Mara nyingi kisa ni kimoja: sistimu yaonyesha dawa ambayo rafuni imekwisha, daktari anaiandika, mgonjwa anazunguka bure. Siku nyingine napanda boti kwenda Faza, au navuka hadi Mokowe nishike gari la Mpeketoni, kuwasaidia wenzetu wa vituo vidogo. Wakati wa kusi safari ya Faza huahirishwa, na sioni sababu ya kumlaumu nahodha.

Mwezi ukianza, hayo yote husubiri. Ripoti za mwezi hukusanywa kufikia tarehe 5, na kuingizwa katika mfumo wa taifa kufikia tarehe 15. Mfumo huo umejengwa juu ya DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011. Huko ndiko serikali inakotazama ikitaka kujua malaria imepanda wapi na chanjo zipelekwe wapi. Tukiandika uongo, hata kwa kutojua, chanjo zitakwenda pasipohitajika.

Mwanangu alichanjwa alipozaliwa, hapo hapo kwenu. Nilipompeleka wiki ya sita nikaambiwa hana faili. Na juzi mhudumu wa afya wa mtaani amekuja kuniuliza kwa nini mtoto hajaletwa kliniki! Kosa langu ni lipi? – Mama wa Matondoni

Huna kosa hata moja, dadangu, na nakuomba radhi kwa usumbufu huo. Hili ndilo jambo linaloninyima usingizi kuliko lolote katika kazi hii, kwa hivyo niruhusu nilieleze kwa urefu.

Mtoto akizaliwa hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Siku hiyo hana jina. Desturi yetu ni kumpa jina siku ya saba, kwa akika. Basi muuguzi anaandika "Mtoto wa Khadija", na mfumo unamfungulia faili kwa jina hilo. Wiki ya sita unakuja naye kifuani, sasa ni Abdulrahman. Karani anatafuta Abdulrahman, hamwoni, anamfungulia faili nyingine. Tangu hapo, kwa hesabu ya kompyuta, hospitali ina watoto wawili: mmoja alichanjwa siku ya kwanza akapotea, na mwingine aliibuka ana wiki sita bila chanjo ya kuzaliwa. Yule wa kwanza huingia katika orodha ya waliotoroka kliniki, na mhudumu wa jamii anatumwa kumtafuta mtoto ambaye wiki hiyohiyo alikuwa kwetu akilia. Wa pili huenda akachanjwa tena bila haja.

Sasa zidisha kwa kila mtoto anayezaliwa wodini mwetu. Ndipo utaona kwa nini takwimu za kisiwa zinaweza kusema watu hawapeleki watoto chanjo, na kina mama wakalaumiwa barazani, ilhali waliopotea ni faili tu.

Tulilobadilisha ni hili. Mtoto hafunguliwi faili ya jina pekee. Anaunganishwa na namba ya faili ya mama yake. Namba hiyo inaandikwa kwa kalamu kwenye jalada la kijitabu cha mama na mtoto, juu kulia, kabla mama hajatoka wodini. Ukija wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18, karani haulizi jina kwanza. Anasoma namba, anakuta "Mtoto wa Khadija", anabadilisha jina humohumo. Kwa hivyo usiache kijitabu nyumbani. Na kikiloa maji ya bahari, njoo uandikiwe kingine. Hakuna atakayekugombeza.

Baba mkwe wangu ni Ali Omar, na mwanangu pia ni Ali Omar. Majuzi nimempeleka mtoto, nikapewa majibu ya damu ya mzee. Hamuwezi kuwatofautisha? – Shela

Tunaweza, na tusipofanya hivyo tunahatarisha maisha. Mjukuu hurithi jina la babu: Ali wa Omar anamzaa Omar wa Ali, naye Omar anamzaa Ali wa Omar. Nyumba moja, simu moja ya familia, majina yaleyale. Ongeza tahajia: Athman, Uthman, Othman, Saleh na Swaleh, Khadija na Hadija. Ongeza wazee ambao kitambulisho chasema walizaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu siku yenyewe haikuandikwa popote.

Utaratibu wetu unamtaka karani aulize jina la mama mzazi, mtaa na umri, hata foleni ikiwa ndefu namna gani. Nawafundisha pia jinsi ya kuuliza. Ukimwambia mgonjwa mwenye homa, "Wewe ni Ali Omar?" atajibu ndiyo, na ungemwambia jina jingine pia angejibu ndiyo. Muulize, "Jina lako nani?" kisha ungoje. Kwenye maabara, lebo inabandikwa kwenye chupa ya damu mgonjwa akiwa bado kitini. Ukiona mtu anajaza chupa na kuziweka kando azibandike lebo baadaye, mkatalie. Una haki hiyo. Mzee anatumia dawa za presha, na sitaki kuwaza kipimo cha dawa zake kikiandikiwa mtoto.

Stima ikipotea je?

Kuna jenereta, na seva yetu, yaani kompyuta kuu inayotunza faili, iko humuhumu hospitalini, kwa hivyo intaneti ikikatika dirisha, maabara na wodi bado zinaonana. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika na Afrika Mashariki ikasuasua, wagonjwa wetu waliendelea kuhudumiwa. Adui wa kila siku hapa ni hewa ya chumvi, ambayo hula mashine polepole. Tunazo pia fomu za karatasi kwa siku ambayo kila kitu kimezima, maana hata wakubwa hupatwa: Mei 2017 kirusi cha kompyuta kiitwacho WannaCry kilizifunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza na wagonjwa wakarudishwa.

Shemeji yangu ameajiriwa hapo hospitalini. Lamu ni ndogo. Nitajuaje kuwa hasomi habari zangu?

Hofu yako ni ya haki. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na habari za virusi vya ukimwi zina ulinzi zaidi chini ya sheria ya mwaka 2006. Kila faili ikifunguliwa, mfumo unaandika nani, saa ngapi, kutoka kompyuta ipi. Mimi hupitia orodha hiyo. Mtu wa malipo akionekana amefungua majibu ya maabara ya jirani yake, tunamwita kujieleza. Ukishuku, niandikie na nitakutafutia.

Lakini nikwambie ninaloliona kwa macho yangu: siri nyingi hazivuji kwenye kompyuta. Zinavuja dirishani, ambako jina na kliniki vinaitwa kwa sauti mbele ya watu wote. Kwa hivyo tunaanza kuita kwa namba, na nimewaomba wenzangu wageuze skrini zisitazame foleni.

Binti yangu amemaliza kidato cha nne na anataka kazi kama yako. Asome nini?

KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ina diploma ya rekodi na taarifa za afya. Huo ni mlango mzuri. Wengine huingia kupitia uuguzi kama mimi. Ajifunze hesabu za takwimu kwa bidii, na ajizoeze kuongea na watu walio na haraka na maumivu.

Sista, mimi ni muuguzi wa wodi ya kujifungulia. Naandika rejista, naandika kompyuta, naandika kijitabu cha mama. Mama ana uchungu, na mimi nimempa mgongo natazama skrini. Tumechoka.

Sista mwenzangu, una haki ya kuchoka. Kuandika jambo lilelile mara tatu ni dhuluma kwa muuguzi, na kwa mama pia. Sistimu isiyomwondolea muuguzi kazi hata moja haijakamilika, hata ikisifiwa namna gani mikutanoni.

Nilipokaa zamu nzima wodini kwenu niliona mawili. Kwanza, skrini ya kujifungua ilikuwa inauliza mtaa, simu na jina la mume, mambo ambayo kliniki ya wajawazito ilishayaandika. Tumeyaondoa, sasa yanajileta yenyewe kutoka faili ya kliniki. Pili, kompyuta ilikuwa imebanwa ukutani, ndiyo sababu ya mgongo. Wiki hii fundi anaifunga kwenye toroli yenye magurudumu, uisukume mpaka kitandani, mama umwone usoni.

Iliyobaki ni rejista ya karatasi, na hiyo siwezi kuifuta peke yangu, kwa sababu wakaguzi huidai. Nimeiandikia ofisi ya kaunti kuomba tuichapishe kutoka kwenye mfumo kila jioni, mkuu wa wodi aitie sahihi, badala ya kuiandika upya kwa mkono. Mpaka jibu lije, mama akiwa katika uchungu shughulika naye kwanza. Andika saa kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, na mengine uyaingize mtoto akishatoka. Msimamizi akikuuliza kwa nini umechelewa, mwambie mimi ndiye niliyekuruhusu.