Kesi ya kwanza ya mauaji, mteja hana kitu

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi baada ya Mahakama Kuu ya Tanzania kukupangia mshtakiwa wa mauaji asiyeweza kulipa wakili. Anzia gerezani. Usingoje kumwona kizimbani asubuhi ya kesi, hatakuamini. Mahabusu wengi hudhani wakili wa bure ni mtu wa Serikali. Kisha soma jalada, hasa maelezo ya onyo, yaani yale aliyoandikisha polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Linganisha muda aliotiwa mbaroni na muda mahojiano yalipoanza: sheria inawapa polisi muda wa msingi wa saa 4 za kumhoji tangu akamatwe, na kama hawakuongezewa muda kihalali, una pingamizi zito. Lilete kabla maelezo hayajapokelewa kama kielelezo. Posho yako ya kazi hii utaidai mahakamani baadaye (na utaisubiri sana). Ndugu zake wakikuletea cha soda, kataa.