Re: Laptop inawaka na kujizima baada ya apdeti ya Windows, msaada wakuu

Mkuu usikimbilie kwa fundi, najua atakachokwambia, "hii inapigwa windo upya", na akishapiga vile kihuni mafaili yako ya desktopu ndo basi tena. Mashine ikileta hivyo baada ya apdeti mara nyingi haijafa.

Mimi nina steshenari, kompyuta ya kuprintia ilinifanyia hayo hayo, tena Jumatano asubuhi watu wamejaa na CV zao. Apdeti za kila mwezi hutoka Jumanne ya pili, kwa saa zetu huku ni saa mbili tatu usiku, kwa hiyo kesho yake ndo unakutana na maajabu.

Fanya hivi: iwashe, vile vidoti vikianza kuzunguka shikilia batani ya pawa mpaka izime, rudia, kwenye mara ya tatu hivi itakuletea yenyewe skrini ya matengenezo. Ingia Troubleshoot, Advanced options, Uninstall Updates. Utakuta mbili, quality ni ile ndogo ya kila mwezi na feature ni ile kubwa inayobadili toleo zima, we toa ile iliyoingia karibuni. Yangu ilikuwa ndogo, ikatoka fresh, kumbe ilikuwa inagombana na antivirus ya zamani, nikaifuta hiyo antivirus na apdeti ikaja kuingia bila shida.

Sasa kwenye laptop kuna kisanga kinaitwa BitLocker, lile kufuli la Windows linalofunga data za diski, inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Usipaniki, chukua simu uingie kwenye akaunti ya Microsoft iliyosetiwa humo, uko kule. Kama ni ya mtumba na aliyeiseti ni muuzaji mtafute huyo, bila huo ufunguo data huzipati hata uite nani.

Ile apdeti kubwa, feature, ina siku 10 tu za kurudi nyuma, na ukifuta folda ya Windows.old, inayotunza toleo la zamani, kisa inakula GB nyingi umejifungia mlango mwenyewe.

Ikishawaka nenda Settings usimamishe apdeti, unapewa mpaka wiki 5, la sivyo itajishusha tena ile ile. Ila wale wanaoshauri uzime apdeti moja kwa moja siwaungi mkono, kirusi cha WannaCry kilivyopiga watu Mei 2017 dawa yake, yaani apdeti, ilishatoka tangu Machi.

Ikigoma hata kufika Troubleshoot, azima kompyuta nyingine utengeneze flashi ya Windows ya kubutia (ya kuwashia mashine), uichomeke kwenye yako, ukifika kwenye kuinstoli chagua Repair, menyu ni zile zile.