Achilles wa kitabu cha ngapi?

Wengi wetu tuliingia kwenye tenzi za Wagiriki wa kale na mazoea ya shuleni: swali linataka sifa za mhusika, unatoa hoja tano, kila hoja na mfano wake, unakusanya karatasi. Insha yangu ya kwanza kuhusu Achilles, shujaa wa Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Wagiriki dhidi ya mji wa Troy, ilikuwa hivyo. Mbinafsi, katili, mwepesi wa hasira, jasiri, rafiki wa kweli. Mhadhiri hakugusa sarufi wala mpangilio. Kila palipokuwa na sifa aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kitabu cha ngapi?" Mara tano. Alama nilizopata sitazitaja.

Niliona ananionea. Iliad ina vitabu 24 na mistari zaidi ya 15,000, lakini mtu si ni yule yule? Ilinichukua muda kukubali kwamba swali lake ndilo somo lenyewe. Tazama anavyomzungumzia Briseis, mateka ambaye Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, alimpokonya, naye akasusa kupigana. Katika kitabu cha 9 anasema alimpenda kwa moyo wake wote, ingawa alimpata kwa mkuki. Katika kitabu cha 19, Patroclus, rafiki yake mkuu, akiwa ameuawa na Hector, mpiganaji mkuu wa Troy, anasimama mbele ya jeshi na kusema heri Artemis, mungu wa kike wa uwindaji, angemuua mwanamke huyo kwa mshale siku ile ile alipomtwaa. Alimpenda au hakumpenda? Ukijibu kwa neno moja, umekitupa kitabu kimoja kati ya hivyo viwili.

Kwa hiyo jizoeze: kila unapoandika sifa, weka namba ya kitabu na ya mstari. Tafuta tafsiri inayofuata namba za mistari ya Kigiriki, kwa sababu nyingine zina hesabu zake zenyewe na msomaji wako hataona ushahidi ulipo.

Kisha jiulize anaongea na nani. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa, na mahali pazuri pa kujipima ni kitabu cha 9. Wagiriki wamebanwa hadi karibu na merikebu zao. Agamemnon amekiri kosa na kutuma watu wa kumbembeleza Achilles: Odysseus, Ajax, na mzee Phoenix aliyemlea. Wanamkuta akipiga kinubi na kuimba habari za mashujaa. Anainuka, anawakaribisha, nyama inachomwa, watu wanakula. Ndipo Odysseus anapoanza kutaja zawadi: vyombo 7 vya miguu mitatu, talanta 10 za dhahabu, masufuria 20, farasi 12, wanawake 7 wa kisiwa cha Lesbos, Briseis mwenyewe, na makubwa zaidi huko mbele. Anarudia maneno ya Agamemnon karibu yote. Rudi nyuma kidogo usome alivyomalizia Agamemnon: na anyenyekee kwangu, maana mimi ni mfalme kumzidi yeye. Kipande hicho Odysseus amekimeza. Hakuna aliyemwambia Achilles, lakini anafungua jibu lake kwa kusema anamchukia kama milango ya Hades, yaani kuzimu, mtu anayeficha hili moyoni na kusema lile. Mimi nasema alinusa.

Mwenye haraka ataandika: alikataa zawadi, ana kiburi. Ngoja kwanza. Odysseus anaambiwa kwamba kesho asubuhi merikebu zinatweka kurudi nyumbani. Phoenix analia, anasimulia kisa kirefu cha Meleager, shujaa mwingine aliyesusa vita kwa hasira, na jibu linalegea: kesho tutaamua kama tuondoke au tubaki. Ajax, ambaye hana maneno mengi, anasema tu kwamba mtu huyu hajali upendo wa wenzake, na kwamba watu hupokea fidia hata kwa ndugu aliyeuawa. Achilles anamkubalia karibu kila neno, kisha anakiri kwamba moyo unafura kwa hasira kila anapokumbuka alivyodhalilishwa. Habari ya kuondoka haipo tena. Sasa anasema hatapigana mpaka Hector afike kwenye merikebu za kikosi cha Achilles mwenyewe. Ni usiku mmoja, kibanda kimoja, majibu matatu. Odysseus anaporudi kwa Agamemnon anatoa taarifa ya lile jibu la kwanza peke yake. Ukitegemea taarifa yake, utampata mtu mgumu kama jiwe. Ukiwa umekaa kibandani mwenyewe, umemwona akisogea hatua kwa hatua.

Katika kibanda hicho hicho, akiwa ameketi, mshairi anamwita mwepesi wa miguu. Hayo ni maneno ya kudumu yanayojaza mstari, yalivyozoeleka kwa watambaji. Usiyafanye ushahidi wa tabia. Na kisigino, ile hadithi kwamba ndipo pekee alipoweza kuuawa, tafadhali, kiache. Liyongo ana kitovu chake na sindano ya shaba, na vimo ndani ya utenzi wake. Kisigino cha Achilles hakimo ndani ya Iliad, wala kifo chake hakisimuliwi humo, kinatabiriwa tu.

Ukishaonja utamu wa kumwelewa kuna hatari ya pili, nayo ni kugeuka wakili wake. Mimi niliipitia mwaka wa pili. Kila ubaya nilikuwa na maelezo: zama zao, heshima yao, miungu yao. Ni kweli kwamba kwao heshima ilikuwa kitu cha kushikika, fungu la ngawira ulilopewa mbele ya jeshi zima, na kulipokonya ni kama kumvua mtu nguo hadharani. Lakini soma anachomwomba mama yake, mungu wa bahari, katika kitabu cha 1. Amwendee Zeus, mkuu wa miungu, Wagiriki wauawe wakiwa wamesukumwa hadi baharini, ili Agamemnon ajue upumbavu wake. Wanaoombewa kifo ni wenzake. Kwangu hilo ni zito kuliko kuburuta maiti ya Hector baada ya kumuua, na Patroclus ni mmoja wa waliokufa kwa sababu ya ombi hilo. Yeye mwenyewe analiona: katika kitabu cha 18 anajiita mzigo wa bure juu ya ardhi, aliyekaa tu kando ya merikebu.

Usiruke pia mtoni, kitabu cha 21. Lycaon, kijana wa Priam mfalme wa Troy, aliwahi kutekwa na Achilles akauzwa kisiwani Lemnos, akakombolewa, na ana siku 12 tu tangu arudi nyumbani. Sasa amemshika magoti, hana silaha, anaomba. Achilles anamwita rafiki. Anamwambia kabla ya Patroclus kufa alipenda kuwahurumia watu wa Troy, akawauza wengi wakiwa hai. "Kufa nawe, Patroclus alikufa naye alikushinda kwa mbali. Hata mimi siku yangu inakuja." Kisha upanga. Katika kitabu cha 23 anawachinja vijana 12 mateka wa Troy kwenye moto wa mazishi ya rafiki yake, na mshairi anasema alikusudia matendo mabaya. Wasomi wanabishana: analaumiwa, au ni mabaya kwa waliotendewa tu? Weka tafsiri mbili kando kando uone kila mfasiri ameegemea wapi, ndipo uandike. Wagiriki wenyewe hawakukubaliana juu yake. Katika Jamhuri, kitabu cha mwanafalsafa Plato, Socrates anakataa kabisa kuamini kwamba shujaa aliyezaliwa na mungu aliwachinja mateka wale.

Kama una wiki moja tu ya maandalizi, nusu yake ipe kitabu cha 24. Priam, baba yake Hector, anaingia usiku kibandani mwa Achilles na kubusu mikono iliyoua wanawe. Wanalia wote wawili, mmoja kwa Hector, mwingine kwa baba yake na kwa Patroclus. Wanafunzi huishia hapo na kuandika kwamba hasira imekwisha. Endelea mistari michache. Mzee anapoharakisha kuomba maiti, Achilles anamkemea asimchokoze, asije akamdhuru humo humo ndani. Kisha anaagiza maiti ioshwe mahali ambapo Priam hataiona, maana mzee akikasirika naye atakasirika, na anaweza kumuua. Anaijua hasira yake, na anapanga mambo ya nyumba ili kuizunguka. Anamwinua Hector kwa mikono yake mwenyewe na kumlaza, huku akimwomba Patroclus asimkasirikie.

Wanakula. Priam anaomba siku 11 za mazishi, na ya 12 vita viendelee ikibidi. Achilles anakubali na kumshika mzee kifundo cha mkono wa kulia ili asiogope. Baada ya hapo tunamwona mara moja tu tena, amelala ndani kabisa ya kibanda, na aliyelala ubavuni mwake ni Briseis.