Rory Gallagher: una hela ya albamu tatu tu, ununue zipi?

Mkuu, umesema umesikia wimbo mmoja wa Rory Gallagher, yule mpiga gitaa na mwimbaji wa bluzi na roki kutoka Ireland, ukachanganyikiwa, sasa una hela ya albamu tatu na hujui pa kuanzia. Naona wadau hapo juu wamekushauri uchukue mkusanyiko wa nyimbo bora, yaishe. Mimi napinga. Rory hakuwa mtu wa vibao, na singo alikuwa hazitaki kabisa. Ukinyofoa nyimbo zake huku na huku ukazipanga upya, unabaki na nyimbo nzuri zisizosikilizana.

Ya kwanza ni Irish Tour '74, na hapo sina mjadala. Ilirekodiwa jukwaani Belfast, Dublin na Cork, mwisho wa 1973 kuingia 1974. Ireland ya Kaskazini ilikuwa inawaka moto, mabomu mitaani, na bendi nyingi zilishaacha kukanyaga Belfast. Yeye, mzaliwa wa Ballyshannon aliyekulia Cork, aliendelea kwenda. Ukisikia kelele za ule umati utaelewa walikuwa na kiu kiasi gani.

Wimbo wa kukaa nao ni "A Million Miles Away". Toleo la studio limo kwenye Tattoo ya 1973, na ni zuri, ila hapa unapita dakika tisa na hakuna hata moja ya kujazia. Gitaa linashuka mpaka unataka kuongeza sauti ya redio, kinanda cha Lou Martin kinabaki kinazunguka chini yake, besi ya Gerry McAvoy haiyumbi, kisha Rory anapanda tena taratibu bila papara. Nausikiliza usiku nikiwa na spika za masikioni, mchana nyumbani kwangu hauwezekani, watoto hawataki. Halafu kuna "As the Crow Flies": bendi inakaa pembeni, anabaki peke yake na gitaa la chuma na harmonika. Mtu anayemjua kwa lile gitaa lake la umeme tu, Stratocaster ya 1961 iliyobanduka rangi, hapo anakutana na Rory mwingine.

Ya pili, Calling Card ya 1976. Kwa studio, hii ndiyo iliyokaa vizuri kuliko zote. Aliitengeneza pamoja na Roger Glover, yule mpiga besi wa bendi ya roki ya Deep Purple, na sauti imesafishwa bila kumfunga mikono. "Moonchild" itakukamata papo hapo. Wimbo uliobeba jina la albamu una mwendo wa jazi ambao wengi hawamtegemei kuwa nao, na "Edged in Blue" ni wa taratibu, unauma.

Ya tatu ndipo watu wanapogombana. Mimi nasema Deuce, 1971. Watu watatu tu: Rory, McAvoy na Wilgar Campbell kwenye ngoma, bila kinanda. Alitaka iwe na ule ukali wa jukwaani, kwa hiyo usitegemee ulaini. Sikiliza "Crest of a Wave", anavyotelezesha kibomba cha kidoleni juu ya nyuzi mpaka gitaa linalia. Kama wewe ni mtu wa nyimbo zenye melodi zaidi kuliko ukali, weka Tattoo badala yake, sitakulaumu. Live in Europe ya 1972 ni tamu, hasa pale anapoacha gitaa na kushika mandolini kwenye "Going to My Home Town", ila ukiwa na Irish Tour tayari inaweza kusubiri.

Photo-Finish na Top Priority, za 1978 na 1979, ni roki nzito zaidi. Bluzi imo lakini imesogezwa nyuma. Hizo utanunua baadaye. Stage Struck ya 1980 binafsi naiona ina haraka mno, kila kitu kinapigwa kwa nguvu moja.

Ukienda kwenye santuri za mtumba, kumbuka Irish Tour ni sahani mbili. Mimi niliwahi kuletewa kasha zuri kabisa, ndani sahani moja, na muuzaji akawa hapokei simu. Fungua, hesabu, zitazame kwenye mwanga, ndipo utoe hela. Na lile boksi la 2014 lenye sidii kibao za ziara hiyohiyo, kwa bajeti yako liache kwanza.